Mgagani nyuma ya jiko lako

Hebu liweke gazeti kando kwa dakika moja, utoke kwa mlango wa nyuma na uangalie kilichopo. Kama unaishi mashambani, yamkini utaona ua wa kaiyaba, mistari minne ya sukuma wiki, mwarobaini pembeni, na pengine mbugenvilia uliopanda hadi juu ya paa. Kama ni mjini, labda kuna kopo la maua barazani na kamba ya kuanikia nguo. Kisha jiulize: katika hiyo mimea yote, ni mingapi ambayo nyanya yako angeitaja kwa lugha yake ya nyumbani na kukueleza kazi ya kila mmoja?

Kaiyaba ilitoka kusini mwa Afrika. Mbugenvilia na mjakaranda ni wageni kutoka Marekani Kusini. Sukuma wiki na kabeji zililetwa kutoka Ulaya, na hata mwarobaini, ambao watu huapa kwa jina lake kwamba unatibu maradhi arobaini, asili yake ni Bara Hindi. Sisemi ing'olewe, la hasha! Sukuma wiki imelisha watoto wengi wa nchi hii katika siku ambazo hapakuwa na kingine. Lakini linganisha na wanavyofanya wenzetu ng'ambo. Lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu huliweka dirishani katika vyungu, na ambalo huuzwa huko kila msimu, lilichukuliwa kutoka milima ya Usambara, Tanzania, mwishoni mwa karne ya 19, na ndugu yake mmoja hadi leo anaota msituni Mbololo, katika vilima vya Taita. Ni Wakenya wangapi wanaolijua? Huko linatunzwa kama yai, ilhali hapa tunapita tukilikanyaga.

Siri ya jambo hili ni kwamba mimea ya wageni tuliichagua, tukainunulia mbegu, tukaichimbia shimo na kuitilia maji. Mimea yetu wenyewe tuliiachia ijiotee. Mgagani, mnavu na mrenda ziliota katikati ya mahindi, kando ya jaa, na hasa mahali palipokuwa boma la ng'ombe zamani, penye samadi nyingi. Mama aliyekuwa akipalilia alijua ni lipi gugu la kung'oa na ni ipi mboga ya kuacha. Hakupanda, lakini alichagua kwa jembe, na huo ulikuwa ukulima kamili.

Sasa mambo yamegeuka. Shamba lililokuwa ekari kumi limegawanywa kwa wana na wajukuu hadi kila mmoja akabaki na kipande kidogo. Boma la ng'ombe halipo. Anayepalilia ni kijana wa kibarua ambaye kila kisicho hindi kwake ni gugu, au basi hapalilii kabisa, ananyunyizia dawa inayoua majani yote bila kubagua. Mboga iliyozoea kujiotea haina tena pa kuotea. Hii ndiyo sababu ninakuomba juma hili utenge kipande kidogo, hata kama ni hatua nne kwa tatu, nyuma ya jiko lako, uipande mimea ya kienyeji kwa makusudi, kama unavyopanda kabeji. Mahali ni muhimu. Ikiwa mbali na jiko hutaichuma, na watoto hawataiona ikichumwa.

Tuanze na mgagani. Wakisii huuita chinsaga, Wajaluo dek, Waluhya tsisaka, na sokoni Nairobi utasikia ukiitwa saga au sageti. Huko Kisii, mama aliyejifungua hupikiwa mboga hii ili arudishe damu na nguvu, na si imani tupu: majani yake yana madini ya chuma na chokaa, pamoja na vitamini A na C. Wengi huulalamikia uchungu wake, na ili kuuondoa huuchemsha na kumwaga maji mara mbili, tatu. Hapo ndipo wanapokosea, kwa maana sehemu kubwa ya vitamini C humwagwa pamoja na hayo maji. Bibi zetu walikuwa na njia bora zaidi. Waliutia maziwa na kuulaza usiku kucha katika chungu, kesho yake ukiliwa uchungu umelainika. Au waliuchanganya na majani ya kunde, ambayo ni ya upole.

Kuupanda kunahitaji subira mwanzoni tu. Wengi hununua au kuvuna mbegu, wakazimwaga juma lilo hilo, na zisipoota wanasema wameuziwa mbegu mbovu. Mbegu za mgagani zilizovunwa karibuni hulala. Zinataka kukaa mahali pakavu miezi mitatu hadi sita ndipo ziamke. Zikishaiva, zichanganye na mchanga kidogo kwa sababu ni ndogo mno, uzimwage katika mfereji wa kina cha nusu kidole, mstari hadi mstari ukiwa umbali wa futi moja. Usizioteshe kwenye kitalu ili uhamishe miche, maana mzizi wake huenda chini moja kwa moja na hauvumilii kusumbuliwa. Zikiota, punguza ile iliyosongamana. Hiyo unayong'oa ndiyo mboga yako ya kwanza. Baada ya juma la tano hivi utaanza kuchuma kwa kukata ncha. Ukiona maua yanachomoza, yakate ili mmea uendelee kutoa majani, ila uache mimea miwili, mitatu iliyo na nguvu kupita mingine ichanue na kuzaa mbegu. Nitarudi kwenye hizo mbegu.

Mnavu (managu kwa Wakikuyu, osuga kwa Wajaluo, rinagu kwa Wakisii, kitulu kwa Wakamba) ni rahisi zaidi, na ndio ninaompendekezea mtu ambaye hajawahi kupanda chochote. Uko wa aina nyingi. Upo wenye majani mapana na matunda makubwa ya zambarau iliyokolea, na upo wenye majani madogo na matunda ya rangi ya machungwa ambayo watoto huyafurahia sana yakiiva. Neno hapa ni yakiiva. Tunda bichi la kijani lina sumu, na mtoto mdogo asiachwe kulitafuna. Ukichuma, kata ncha ya juu kwanza ili mmea utanuke kwa matawi. Mwagilia maji kila siku wakati wa jua, kwani mnavu ulio na kiu huchanua haraka, na majani yake huwa machungu kama shubiri.

Mrenda, ule unaoteleza, wanaujua vizuri sana watu wa Magharibi na wa Pwani. Unaliwa na ugali bila kutafunwa sana! Mbegu yake ina ganda gumu. Zifunge katika kitambaa, uzitumbukize katika maji yanayochemka kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, uzitoe, uzikaushe, uzipande. Mito nayo ni jamii ya maharagwe, hivyo mizizi yake hurutubisha udongo, na inafaa ifuate pale ulipovuna mboga nyingine. Na wewe wa Kilifi au Kwale, usiusahau mchunga. Uchungu wake ni wa kweli, lakini aliyelelewa nao huutamani akiwa ugenini kama vile mwingine anavyotamani nyama.

Hizi nilizotaja ni chache. Wataalamu wamehesabu karibu aina 200 za mimea ambayo jamii za Kenya hula majani yake, na ni sehemu ndogo tu inayopandwa. Kazi hiyo ya kuhesabu na kuandika imefanywa kwa muda mrefu na Makavazi ya Kitaifa, akiwemo mtaalamu wa mimea Patrick Maundu, ambaye pamoja na wenzake walitoa mwaka wa 1999 kitabu kikubwa kuhusu vyakula vya asili vya nchi hii. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta naye ameutumia umri wake wa utafiti kwa mboga hizi hizi. Ameeleza kwamba utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai, samaki na nyama, akakuzwa kwa mboga za kienyeji. Mwaka wa 2010 alitunukiwa tuzo ya sayansi ya Umoja wa Afrika. Na mwaka wa 2021 shirika la UNESCO liliiweka juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mizuri ya kuigwa ulimwenguni. Mboga ambayo kizazi kizima kiliionea haya, wakidai ni chakula cha maskini, leo inauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi ghali kuliko kabeji.

Pembeni mwa kipande chako, weka mmea mmoja au miwili yenye kazi nyingine mbali na chungu. Nitataja miwili.

Wa kwanza ni ule Wakalenjin wanaouita senetwet, na Wakikuyu mwinu. Ni kichaka kirefu kuliko mtu, chenye mashada ya maua ya manjano yaliyosimama wima, na majani yake ukiyafikicha yananukia kama bisi. Kwa uzuri unashinda maua mengi tunayonunua kwa pesa. Kijiti chake kikavu huchomwa mpaka kikawa kaa, kisha kaa hilo husuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa. Hivyo ndivyo mursik hupata ile rangi ya kijivu na ile ladha ambayo anayeijua haisahau. Lakini sikiliza. Majani na mizizi ya mmea huu huu ni dawa kali ya kuharisha, na aliyekunywa kupita kiasi anaweza kufa. Kaa kwenye kibuyu, ndiyo. Kuchemsha majani ukanywe kwa sababu jirani kakuambia ni ya kusafisha tumbo, hapana.

Wa pili ni muthiga, kama wanavyouita Wakikuyu, na Wamaasai huuita osokonoi. Gome lake lina ukali wa pilipili, na tangu zamani hutafunwa kwa kikohozi na maumivu ya jino. Ubaya ni kwamba kila mtu analitaka gome na ni wachache wanaopanda mti. Mtu huingia msituni usiku, akaumenya mti kuuzunguka wote, na mti uliomenywa hivyo hufa umesimama. Chakula kinachotengenezwa na majani huteremka hadi kwenye mizizi kupitia sehemu ya ndani ya gome; ukilikata pande zote umeunyonga. Yaliufika mti mwingine uitwao muiri, ambao gome lake lilisafirishwa kwenda Ulaya kutengenezea dawa za wanaume wenye shida ya kibofu. Uharibifu ulizidi hata mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, ukauweka mti huo chini ya udhibiti kuanzia mwaka wa 1995.

Muiri ni mti mkubwa mno kwa ploti, lakini muthiga unaweza kuutunza ukiwa mfupi kwa kuupogoa. Majani yake pia ni makali, kwa hivyo mwenye mti nyumbani hana haja ya kugusa gome. Tafuta miche kwenye kitalu cha miti ya kienyeji. Ukipata tunda, panda mbegu juma hilo hilo, maana za muthiga ni kinyume cha za mgagani: zikikauka zimekufa.

Hapa Pwani wana somo ambalo sisi wa bara hatujalishika. Katika makaya ya Wamijikenda, misitu midogo ambayo UNESCO iliitambua mwaka wa 2008 kuwa urithi wa dunia, kukata mti ni mwiko, na wazee ndio wanaosema nani aingie na achukue nini. Mimea mingi ambayo kwingine pwani imekwisha bado iko humo. Lakini hata kaya haiwezi kumtosheleza kila mwenye kikohozi kuanzia Lunga Lunga hadi Malindi. Anayetaka dawa ya miti na apande mti.

Na kwa kuwa nimezungumza juu ya dawa, niseme neno kwa uwazi, kwa sababu wapo wanaofikiri kwamba kitu kikiwa cha kienyeji hakiwezi kudhuru. Ukiwa mja mzito, usinywe shubiri wala dawa yoyote ya kuharisha. Ukiwa unatumia vidonge vya kisukari au presha, usiviache kwa ajili ya mizizi, na ukitumia mizizi mwambie daktari, hata kama unaona haya. Malaria kwa mtoto ni kazi ya zahanati. Na usichume mboga ambayo huijui kwa hakika. Kuna mnanaha, wenye maua meupe kama tarumbeta, ambao huota katikati ya mnavu, na majani yake yakiingia chunguni humfanya mtu aweweseke, na anaweza kupoteza maisha. Nyanya angeutambua kwa mbali. Mtoto wako je?

Wewe wa mjini usiseme sina shamba. Chukua gunia, simamisha katikati yake mkebe uliotolewa kitako, ujaze mkebe huo mawe madogo, na pembeni mwake utie udongo uliochanganywa na samadi. Inua mkebe, ujaze tena mawe, uongeze udongo, mpaka gunia lijae na nguzo ya mawe ibaki katikati. Maji unayomwaga juu ya mawe hushuka hadi chini bila kuoza udongo. Toboa matundu ubavuni, upande mnavu humo, na juu upande mgagani. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kuanzia. Ninachokusihi ni hiki kimoja: usinyunyizie maji ya mtaro wa taka, wala usipande ukingoni mwa barabara kuu au ya mto unaopita viwandani. Mboga za majani hunyonya risasi na madini mengine mazito, na hayaondoki kwa kuoshwa wala kupikwa. Ukinunua managu manene ajabu kwa bei ya kutupa, muulize mama wa kibanda yalikotoka. Mwuza mboga mwaminifu hakasiriki.

Sasa zile mbegu nilizosema nitazirudia. Mboga hizi zilifika kwetu kwa sababu mwanamke mmoja alimpa mwenzake mbegu katika pembe ya kanga, akaenda nazo alikoolewa. Kwa miaka kadhaa jambo hilo lilikuwa na hatari ya kukufikisha kizimbani. Sheria ya mbegu ilivyorekebishwa mwaka wa 2012 ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka wa 2022, na mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Sheria ya mbegu za kampuni ina sababu zake, kwani matapeli wa mbegu wamewaumiza wengi. Lakini kumtisha nyanya kwa kumpa jirani kijiko cha mbegu za mrenda hakukuwa na maana yoyote, na nilifurahi uamuzi huo ulipotolewa.

Basi tunza zako. Maganda ya mgagani yakianza kuwa manjano, yakate kabla hayajapasuka, uyaanike juu ya gazeti, hata hili. Matunda ya mnavu yaliyoiva yapondeponde katika bakuli la maji. Mbegu nzima huzama, makapi huelea. Mwaga makapi, osha tena, na uanike kivulini. Zikikauka kabisa, tia katika chupa ndogo pamoja na jivu kidogo baridi, uifunge sana, uiweke mbali na moto. Kisha muite mzee au mama mkwe, umuulize jina la mboga hiyo katika lugha ya kwenu na jinsi ilivyopikwa zamani. Mpe mtoto anayejua kuandika kalamu na kipande cha karatasi. Aandike jina hilo, mwezi na mwaka wa kuvuna, na akibandike kwenye chupa. Za mgagani zilizovunwa Januari zisifunguliwe kabla ya mvua ya masika ya Aprili. Za mnavu unaweza kuzipanda mvua yoyote.